Dhana Potofu Kuhusu Mapigano ya Upanga kwa Mwendo wa Mkono

Kazi yangu ni kuwashauri watu wanaobuni mapigano ya upanga katika michezo ya video inayoongozwa kwa mwendo wa mkono, na karibu kila mteja mpya huja na ombi lile lile: atafutiwe kihisi (kifaa kinachopima mwendo wa mkono) sahihi zaidi, ili mchezaji ajione ameshika upanga wa kweli. Ombi hilo nimelisikia mara nyingi kiasi cha kunichosha, na naona heri nilijibu kwa maandishi, pamoja na mengine machache yanayofuatana nalo.

Asili ya imani hiyo inaeleweka. Konsoli ya Wii ya kampuni ya Nintendo ilipotoka mwaka 2006, rimoti yake ilitegemea akselerometa, yaani kihisi cha kupima mchapuko, ambayo haiwezi kutenganisha mvuto wa dunia na msukumo wa mkono, wala haitambui rimoti iliyolala inapogeuzwa kushoto au kulia. Ndiyo maana katika toleo la Wii la The Legend of Zelda: Twilight Princess mchezaji aliweza kuitikisa rimoti kuelekea upande wowote, na Link, shujaa wa mchezo huo, akatoa pigo lililokwisha kuandaliwa, yaani mkono ulikuwa umefanywa kitufe. Mwaka 2009 ikaja Wii MotionPlus, kifaa cha kuchomeka kwenye rimoti, iliyoongeza jairoskopu, yaani kihisi cha mzunguko, na upanga wa mchezo wa Wii Sports Resort ukaanza kufuata kila mgeuko wa kiganja. Tofauti ilikuwa kubwa mno hata watu wakahitimisha kwamba kila nyongeza ya usahihi itazaa nyongeza ileile ya raha, na hapo ndipo walipopotea.

Hebu tuangalie kinachotokea upanga wa mchezaji unapogonga ngao ya adui. Kwenye skrini chuma kimekutana na chuma, lakini mkono wa mchezaji haukukutana na kitu chochote, hivyo unaendelea na safari yake hadi mwisho. Tangu nukta hiyo kuna panga mbili: mmoja umekwama kwenye ngao, mwingine umekwisha kuipita. Hakuna kihisi kinachoweza kuziba pengo hilo, kwa sababu kazi ya kihisi ni kupeleka habari kutoka mkononi hadi kwenye mchezo, ilhali kinachokosekana ni nguvu ya kutoka kwenye mchezo kurudi mkononi. Mtetemo wa kidhibiti hutoa taarifa kwamba pigo limefika. Haumzuii mtu bega. Tena, usahihi ukizidi ndivyo pengo linavyozidi kuonekana, kwani mchezaji wa rimoti ya kwanza hakutarajia upanga umfuate, na kwa hiyo hakuona ajabu ulipomwacha.

Anayetaka ushahidi autazame mradi wa Clang. Mwaka 2012 mwandishi Neal Stephenson na wenzake walichangiwa na umma zaidi ya dola 500,000 ili watengeneze mchezo wa upanga utakaozingatia uhalisi wa mapigano. Mwaka 2014 mradi ulifungwa, na Stephenson mwenyewe alikiri kwamba mfano wa awali haukuwa wa kufurahisha sana kuucheza. Sisemi hivyo kwa kejeli, kwa sababu walijaribu kwa bidii jambo ambalo wateja wangu huliomba kana kwamba linauzwa dukani.

Michezo iliyofanikiwa haikuliziba pengo, bali ililipangia kazi. Katika Wii Sports Resort, pigo likikingwa sawasawa mpigaji hubaki ameduwaa kwa muda mfupi. Huo ndio muda ambao mkono wake halisi unarudi mahali pake, na udhaifu wa kifaa unageuka kuwa adhabu ya haki. The Legend of Zelda: Skyward Sword ya mwaka 2011 ilihamishia uzito kwenye uamuzi: adui huelekeza silaha yake upande mmoja, na mchezaji lazima asome mkao huo kisha achague pigo la juu, la ubavuni au la mshazari. Blade and Sorcery, mchezo unaochezwa kwa miwani ya uhalisia pepe, huuacha mkono wa skrini uchelewe nyuma ya mkono halisi kulingana na uzito wa silaha, na baada ya muda mchezaji huanza kulizungusha shoka polepole bila kuambiwa.

Beat Saber, iliyotoka mwaka 2018, ndiyo niipendayo kuliko zote, kwa kuwa iliamua kuliondoa tatizo lenyewe. Hakuna ngao wala adui, panga zake ni za mwanga, na kila kipande kinachokatwa kwa usahihi hupasuka bila kuushikilia mkono. Alama kamili za mzunguko wa pigo hupatikana kwa pigo lililozunguka nyuzi 100 kabla ya kukata na nyuzi 60 baada ya kukata. Maana yake ni kwamba mchezo humlipa mtu kwa kuuacha mkono uende zake, yaani kwa jambo lile lile ambalo ngao ingeliharibu.

Kwa hiyo kivutio cha upanga wa aina hii hakitokani na kufanana na upanga wa chuma. Kinatokana na mchezaji kuona kwamba pigo lilikuwa lake, kwa upande alioutaka na kwa wakati alioutaka, na kwamba mchezo umelipokea. Ushauri wangu, ambao wateja huulipia na kisha kuukasirikia, ni kwamba waamue kwanza mkono ufanye nini katika nusu sekunde baada ya kugonga, ndipo wazungumzie vihisi. Ushauri wa pili ni kwamba wakati wa majaribio kamera imrekodi mchezaji na si skrini, kwa sababu bega linaloanza kusita hueleza mengi ambayo takwimu za mchezo hazionyeshi.

Mengine nitayapitia haraka. Husemwa kwamba anayekaa kochini na kutikisa kifundo cha mkono anaudanganya mchezo. Jairoskopu hupima kasi ya mzunguko, na kifundo kinaweza kutoa kasi sawa na ya mkono mzima. Ikiwa mchezo unalipa mitikiso, aliyekosea ni mbunifu.

Wengine huamini kwamba kile kijiti kinachowekwa karibu na televisheni ya Wii ndicho kinachoutazama mkono. Kijiti hicho ni taa za infraredi tu, yaani mwanga usioonekana kwa macho. Kamera imo ndani ya rimoti. Wala akselerometa peke yake haiwezi kujua mkono ulipo, kwa maana kosa dogo la asilimia 1 ya mvuto wa dunia, likijumlishwa kwa sekunde 10, huusogeza upanga karibu mita 5. Ndiyo sababu PlayStation Move, kidhibiti cha Sony cha mwaka 2010, iliwekewa tufe linalong'aa ili kamera ilifuate.

Kuhusu dai kwamba michezo hii hufundisha kupigana kwa upanga, jibu ni hapana. Upanga mrefu wa kale wa mikono miwili huwa na uzito wa kilo 1 hadi 1.5, ambao sehemu yake kubwa iko mbele ya kiganja, na nusu ya ufundi wake ni kujua la kufanya unapogongana na mwingine.

Wapo pia wanaosema enzi hii imepita na vitufe vimeshinda. Skyward Sword HD ya mwaka 2021 iliruhusu pigo kuelekezwa kwa kijiti cha kidhibiti, lakini mwelekeo wa pigo ulibaki kuwa moyo wa mchezo na mwendo wa mkono haukuondolewa. Mwaka uliofuata Nintendo Switch Sports ikaurudisha mchezo wa upanga ukiwa na jina la Chambara.

Mwisho ni ukanda wa rimoti unaofungwa mkononi, ambao wengi hudhani ni pambo. Mkono usiozuiwa na kitu huirusha rimoti, na kiganja chenye jasho huteleza. Desemba 2006, wiki chache tu baada ya Wii kuanza kuuzwa, Nintendo ilitangaza kubadilisha kanda zipatazo milioni 3.2, na kamba yake ikanenepeshwa kutoka milimita 0.6 hadi 1. Anayenijia na mfano wa mchezo usiomkumbusha mchezaji kufunga ukanda, namrudisha kabla sijaushika.