Kisigino kinauma, lakini si kwa sababu ya mwiba wa mfupa
Eksirei ikionyesha kimfupa kilichochomoza chini ya kisigino, wengi huamini ndicho kinachochoma nyama na lazima kikatwe. Sivyo. Watu wengi wanacho na hawaumwi kabisa. Kwa kawaida kinachouma ni utando mnene wa unyayo, uliochakaa pale unapojishikiza kwenye mfupa. Ndiyo maana hatua za kwanza asubuhi huwa chungu zaidi.

Anza na mazoezi: weka taulo iliyokunjwa chini ya vidole, simama, inua kisigino kwa sekunde 3, tulia huko juu 2, shusha kwa 3, kila baada ya siku moja. Yape miezi 3. Kuacha wiki ya pili ni mapema mno. Yasipotosha, kuna tiba ya mawimbi ya mshtuko, yaani mashine inayopiga mawimbi ya sauti kwenye kisigino; si umeme. Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, hutuliza kwa muda, ila ikirudiwarudiwa utando unaweza kukatika.