Hakuna Anayetoa iCloud: Dhana za Vijana wa Mjini Kuhusu Simu za Kishua na Wizi

Zamani mteja akifika kwenye meza yangu ya ufundi simu Kariakoo aliuliza kioo bei gani. Siku hizi anauliza, "Kaka, unatoa iCloud?" Anayeuliza ni kijana aliyevaa vizuri, nywele zimechongwa jana, mkononi ana iPhone 13 Pro ambayo ukiiwasha inakwambia ina mwenyewe. Ameipata kwa mshikaji, laki tatu na nusu, "ina katatizo kadogo tu." Nikimwambia sitoi, ananitazama kama fundi wa redio za mkulima, anairudisha simu mfukoni na kwenda meza ya jirani kumtafuta mtaalamu.

Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mdomo, kwa hiyo naliandika, na mengine yanayofanana nalo nitayapitia humohumo.

Dhana: iCloud inatolewa, ni kumpata tu fundi anayejua

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna simu iliyofungwa mtandao: imetoka Marekani au kwingine ikiwa inakubali laini za kampuni moja tu. Hiyo haina kesi. Deni la mkataba likiisha, kampuni iliyoifunga inaifungua. Ninayoizungumzia mimi ni kufuli ya mwenye simu, hiyo mnayoiita iCloud, ile Apple waliyoileta na iOS 7, toleo la mfumo wa iPhone la mwaka 2013. Kufuli hiyo haikai ndani ya simu, inakaa kwenye seva za Apple. Iflashi simu unavyotaka, ifute mpaka iwe tupu, ikiwaka upya itapeleka namba zake za utambulisho kule, na kule watajibu kwamba ina mwenyewe, aweke neno lake la siri. Hakuna waya wala kompyuta hapa mezani inayoweza kubadilisha jibu hilo.

"Mbona YouTube wanatoa?" Wanachoonyesha YouTube ni simu za zamani. Mwaka 2019 liligunduliwa tundu linaloitwa checkm8 kwenye chipu za A5 mpaka A11, yaani iPhone 4s mpaka iPhone X. Tundu liko kwenye sehemu ya chipu isiyoandikika upya, kwa hiyo Apple hawawezi kuliziba kwa kutuma toleo jipya. Ndiyo maana iPhone 7, 8 na X zina ujanja wa kuurukia ule ukurasa wa kufuli. Lakini kuurukia si kufungua. Mara nyingi simu iliyorukishwa haishiki laini na haipigi, na siku ukijisahau ukaifuta au ukaipandisha toleo, kufuli linarudi palepale. Kuanzia iPhone XR na XS kwenda mbele, tundu hilo halipo kabisa.

Sasa huyo mtaalamu anayechukua 13 Pro yako na kukwambia njoo kesho, usiku huo anafanya nini? Kuna njia tatu ninazozijua. Ya kwanza, anaifungua na kuiuza vipande: kioo, kamera, betri, kava. Hata hilo linazidi kuwa gumu, maana kuanzia iOS 18 ya mwaka 2024, iPhone ikigundua imewekewa kipande kilichotoka kwenye simu iliyofungwa, inakataa kukisawazisha mpaka neno la siri la mwenye kipande liwekwe. Ya pili, anakula elfu themanini zako na simu yake inakuwa haipatikani.

Ya tatu ndiyo inayonikera kuliko zote. Mwenye simu aliyeibiwa huwa ameacha namba ya kupigiwa, inaonekana pale kwenye kioo. Mtaalamu anamtumia meseji iliyoandikwa kama imetoka Apple: simu yako imeonekana, bonyeza hapa uone ilipo. Dada wa watu, ambaye bado analilia picha za mwanawe, anabonyeza, anaweka neno la siri kwenye ukurasa wa bandia, na dakika hiyohiyo simu inaondolewa kwenye akaunti yake. Wewe unapigiwa, "Bro, njoo, imetoka." Unashangilia kwamba jamaa ni mkali. Ukali wake ni utapeli, na aliyemtuma ni wewe.

Hapo ndipo linapokuja lile jibu la kila siku: "Mimi nimenunua, sijaiba." Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa la kupokea mali ya wizi linalojitegemea. Halimhitaji mpokeaji awe ameikwapua simu kwa mkono wake. Swali litakuwa ulijua au ulikuwa na sababu ya kujua, na simu ya zaidi ya milioni kuuzwa laki tatu na nusu, usiku, bila boksi wala chaja, ikiwa imefungwa kwa jina la mtu mwingine, ni sababu ya kutosha. Kama kweli ni yako na umesahau neno la siri, Apple wenyewe wanaiondoa kufuli ukiwapelekea risiti halisi ya manunuzi. Kwa hiyo mimi huwa naomba risiti. Hapo ndipo mteja anapokumbuka ana mtu anamsubiri Msimbazi.

Kinachonishangaza si wizi, ni matumizi. Wengi wa wenye iPhone X za kurukishwa wanajua kwamba hazipigi. Mfuko wa pili wana kitochi, ndicho cha kupigia na cha kupokelea hela. iPhone ni ya kujipigia picha mbele ya kioo cha ukutani, inaunganishwa intaneti ya rafiki, inapandisha picha, inarudi mfukoni. Kuna kijana aliniletea yake kioo cha mbele kimepasuka mpaka kidole kinakwaruzika, akasema cha mbele niache, nibadilishe cha nyuma. Nilimuuliza kwa nini. "Fundi, kwenye picha unaonekana mgongo."

Simcheki. Mgongo ule kwake ni kazi: anapiga picha harusi, na wateja wake wanamkadiria kwa anachoshika kabla hawajaona picha aliyopiga. Wapo wauza nguo wa mtandaoni, wapo madalali wa viwanja, wote wanakwambia ukishika simu ya bei chee hupigiwi. Huenda ni kweli. Ila huyo anayepita na pikipiki na kukwapua simu pale Mwenge hana shida na mgongo wala kamera, ana mnunuzi anayemngoja, na mnunuzi mwenyewe ni huyu huyu anayelalamika kwenye status yake kwamba mji umekuwa na vibaka.

Dhana: nikibadilisha kava, hakuna atakayejua

Kuichukua iPhone XR na kuivisha kava la 14 Pro, yaani bodi lake zima la nje, ni kazi ninayoifanya na siioni haya, mradi usije ukamuuzia mtu ukimwambia ni 14 Pro. Atakayejua ni yeyote anayeingia kwenye mipangilio, sehemu ya "kuhusu". XR ina kamera moja. Hizo nyingine mbili ni vioo vya urembo. Ninachowaambia wateja ni kwamba mkwapuaji haingii kwenye mipangilio kwanza. Umejivisha hatari ya simu ya milioni mbili kwa simu ya laki nne.

Dhana: fundi akipewa IMEI anaona simu ilipo

Mama mmoja alikuja na boksi la simu ya binti yake, amelishika kwa mikono miwili. "Mwanangu, namba hii hapa, nionyeshe tu iko nyumba gani." Shikamoo yangu ilikuwa bado haijaitikiwa.

Mama zangu, IMEI haitumi mahali. Ni namba ya utambulisho tu, ya tarakimu 15, utaiona ukipiga *#06#. Anayeiona ikitumika ni kampuni ya simu, pale simu inapojisajili kwenye mnara wake, na mnara unaonyesha eneo, hauonyeshi chumba. Taarifa hizo kampuni inawapa polisi wakiziomba kwa utaratibu, haimpi fundi wala shemeji anayefanya kazi huduma kwa wateja. Anayekwambia ana programu ya kuona simu kwa IMEI, muulize kwa nini bado anakaa kwenye kibanda.

Utaratibu wenyewe ni huu: funga laini kwanza, kisha kachukue ripoti ya upotevu polisi, kisha peleka ripoti na IMEI kwa kampuni yako ya simu uombe kifaa kifungiwe. Kufungia kunawezekana. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia nchi nzima kwa IMEI zake hizohizo. Kuna wanaobadilisha IMEI, hasa kwenye Android za bei ndogo, na sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010 inalitaja hilo kuwa kosa. Ukinunua simu ya mkononi mwa mtu, tuma IMEI yake kwenda 15090 kabla hujatoa hela, na ulinganishe iliyo kwenye simu na iliyo kwenye boksi. Zikitofautiana, rudisha simu, usiombe kupunguziwa bei.

Dhana: ikishazimwa, ndiyo basi

iPhone 11 na kuendelea, isipokuwa SE, ikiwa na iOS 15 au zaidi, inaweza kuonekana kwenye Find My, ile programu ya Apple ya kutafutia simu, kwa muda hata baada ya kuzimwa, mradi uliiacha hivyo kwenye mipangilio. Tatizo si kuzimwa. Tatizo ni kwamba wengi wenu mnaacha kile kidirisha cha kuvuta chini kikifanya kazi simu ikiwa imefungwa, mwizi anagusa alama ya ndege, simu inakatika mtandao. Kizime, kiko palepale kwenye mipangilio ya Face ID. Na kuanzia iOS 17.3 ya Januari 2024 kuna ulinzi wa kifaa kilichoibiwa: mtu akiwa na namba yako ya siri lakini yuko mbali na maeneo uliyoyazoea, hawezi kubadilisha akaunti bila uso wako. Niwashie nani? Washa mwenyewe, ni bure.

Dhana: wezi ni Panya Road, wanajulikana kwa sura

Tarehe 2 Januari 2015 Dar es Salaam nzima ilikimbia. Maduka yalifungwa, watu wakafungiana ndani, kwa uvumi kwamba Panya Road, lile genge la vijana wahalifu, wanakuja. Mwaka 2022 jina hilo likarudi, na safari hii kulikuwa na nyumba zilizovamiwa kweli kwa mapanga. Hilo lipo na silipuuzi. Ila wanaokuja kuniuzia simu za wizi, ambao nawafukuza, hawana mapanga wala suruali zilizochanika. Wanavaa kuliko mimi. Kuna aliyekuja na saa na manukato, simu tatu kwenye begi la mgongoni, kila moja na hadithi yake.

Ubaya wa dhana hii unaanzia kwa kijana wa rasta aliyekaa kijiweni. Mtu akipiga kelele za mwizi, wanaangalia nani anafanana na mwizi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu huandika kila mwaka kuhusu watu waliouawa na wananchi wenye hasira, na humo wamo waliofananishwa. Na mteja wangu mmoja, aliyeponea kidogo, alikuwa anakimbilia mwendokasi, simu mkononi. Ilikuwa ya kwake.

Dhana: picha niliyopandisha Instagram inatoa mahali nilipo

Instagram na WhatsApp wanaondoa zile taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya picha unapoipandisha kwa njia ya kawaida. Kinachokutaja ni wewe: story ya moja kwa moja kutoka Coco Beach, jina la baa kwenye kitambaa cha meza, na ile picha ya boksi jipya, lebo imegeuzwa juu, IMEI na namba ya toleo zinasomeka mpaka Chalinze. Boksi piga upande wa mbele. Story pandisha ukishafika nyumbani. Nani anakukimbiza?

Dhana: wanachotaka ni simu

Wanachotaka zaidi ni laini. Simu imefungwa, sawa, lakini laini inachomolewa kwa pini na kuchomekwa kwenye kitochi, na dakika tano baadaye mjomba wako Morogoro anapokea ile meseji: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Au wanapokea namba za uthibitisho, wanaingia WhatsApp yako, wanawakopa ndugu wote kwenye kundi la familia. Ukipata meseji ya namna hiyo, ipeleke 15040. Ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, piga *106#.

Nina ushauri mmoja ninaoutoa hata kwa aliyekuja kununua protekta tu, na wafanyakazi wenzangu wananicheka: weka PIN ya laini. Si namba ya kufungulia simu, si ya hela. PIN ya laini yenyewe, inayoulizwa kila laini inapohamishwa au simu inapowashwa. Kwenye iPhone iko mipangilio ya mtandao wa simu, kwenye Android iko sehemu ya usalama. Itakuuliza kwanza PIN ya kiwandani, ipigie kampuni yako wakwambie, usikisie, kwa sababu ukikosea mara tatu itataka PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga, ya tarakimu nane. PUK imeandikwa kwenye kile kikadi cha plastiki ulichobandulia laini. Kitafute kabla hujaja kwangu.