Tuna siku ngapi? Jinsi misheni ya kulinda amani inavyolishwa na kutiwa mafuta

Kamanda wa kikosi akipiga simu bohari saa nne usiku, hana haja ya kujua mna lita ngapi za dizeli. Anauliza: "Tuna siku ngapi?" Ofisa ugavi asiyeweza kujibu hapo hapo, bila kukimbilia kompyuta, bado hajaijua kazi. Mchele, maji ya chupa, damu ya kuwaongezea majeruhi, vichujio vya jenereta, vyote mwisho wake hugeuzwa kuwa siku. Siku zikiisha, doria haitoki, na kijiji ambacho Baraza la Usalama limeazimia kilindwe kinabaki na Mungu wake.

Idara yetu ya mafunzo imeniomba niieleze kazi hii kwa lugha ya kawaida. Nimekubali kwa sababu wengi wetu Afrika Mashariki tunaishi kando ya barabara ambazo mizigo hiyo hupita, tunayaona malori na makontena yenye herufi UN, basi. Mfano wangu utakuwa mashariki ya Kongo. Ni huko askari wa Tanzania walikokwenda mwaka 2013, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi, kuunda ile brigedi ya kujibu mashambulizi. Na ni huko mzigo unakofika kwa kupitia kwetu.

Tazama ramani. Misheni ya Umoja wa Mataifa ya kulinda amani Kongo ilianza mwaka 1999 kwa jina la MONUC, ikabadilishwa kuwa MONUSCO Julai 2010. Makao makuu yapo Kinshasa, na bandari ya Kinshasa ni Matadi, upande wa Atlantiki. Lakini vita na askari wengi vipo mashariki, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Kinshasa, na katikati ni msitu na mito. Hakuna barabara ya kutegemea ya kuunganisha pande hizo mbili. Kwa hiyo mashariki ya Kongo hulishwa kutoka Bahari ya Hindi: meli inashusha Mombasa, lori linapita Nairobi, Malaba, Kampala na Kasese, linavuka mpaka wa Mpondwe na Kasindi, ndipo linaingia Beni. Njia nyingine hutoka Dar es Salaam kupitia Rwanda. Katikati ya yote hayo ipo Entebbe, ambako Umoja wa Mataifa una kambi ya lojistiki kando ya ziwa na, tangu 2010, kituo cha kikanda kinachohudumia misheni kadhaa kwa pamoja.

Mzigo wa Umoja wa Mataifa hautozwi ushuru; msamaha huo unatokana na mkataba wa kinga na haki maalumu wa mwaka 1946 na makubaliano na nchi husika. Watu husikia hivyo wakadhani kontena linapita kama upepo. Kinyume chake, karatasi za msamaha ni nyingi kuliko za mfanyabiashara wa kawaida, kwa kuwa kila forodha inataka uhakika kwamba mzigo uliosamehewa hautaishia dukani Kampala. Tarakimu moja ya lakiri, ile kufuli yenye namba inayofunga mlango wa kontena, ikitofautiana na hati, kontena linabaki yadi. Kama ni la friji, lazima lichomekwe umeme, na gharama za kulihifadhi zinahesabiwa kila siku. Nimeona mzigo uliovuka bahari kwa wiki tatu ukakaa bandarini wiki nne kwa sababu ya herufi moja kwenye jina la mpokeaji.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Mfumo wa kompyuta ambao Umoja wa Mataifa unautumia kwa manunuzi, bohari na malipo unaitwa Umoja. Ndiyo, kwa Kiswahili hasa. Misheni za kulinda amani ndizo zilizoanza kuutumia, mwaka 2013. Siku hizi mtu aliye New York asiyejua hata "habari gani" husema kitu hakijaingia kwenye Umoja, na kisichoingia kwenye Umoja hakilipwi. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili inachekesha kidogo, hasa siku ambayo Umoja umegoma kufunguka.

Turudi kwenye chakula. Kiwango cha Umoja wa Mataifa ni kalori 4,500 kwa askari kwa siku, karibu mara mbili ya anazohitaji mtu wa kukaa ofisini. Tuchukue batalioni ya watu 850 na tukadirie kilo 2 za chakula kwa kila mmoja: ni tani 1.7 kwa siku, na kwa siku 28 ni tani 47 na ushei, yaani semi-trela mbili zilizojaa. Hiyo ni batalioni moja, bila maji. Ananunua, anahifadhi na anafikisha mkandarasi aliyepatikana kwa zabuni ya kimataifa, na pembeni inawekwa akiba ya rasheni za vitani na maji ya chupa ya siku 14, isiyoguswa mpaka njia ikatike.

Kalori peke yake hazimshibishi mtu. MONUSCO imekuwa na Wahindi, Wapakistani, Wauruguay na sisi. Mmoja anataka dengu na unga wa chapati, mwingine asipoona nyama ya ng'ombe anahisi ameadhibiwa. Kikosi cha Kitanzania kikikosa sembe, malalamiko yatamfikia kamanda kabla injini ya lori haijapoa. Nawaambia wanafunzi wangu wasilidharau jambo hili. Askari aliye kilima cha mbali kwa miezi mingi, bila mtandao wala familia, sahani ndiyo inayompima kama anakumbukwa.

Lori la friji likifika kambini alfajiri, mlango haufunguliwi kwanza. Unasoma namba ya lakiri ukiilinganisha na hati. Unasoma kinasa joto kuona safari nzima ilikuwaje, maana joto la sasa hivi linaweza kukudanganya. Kisha unafungua, unapita mpaka katikati ya shehena, mbali na feni, na kusukuma kipimajoto kati ya katoni mbili. Vilivyogandishwa vinatakiwa viwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Kuku aliyeyeyuka kisha akagandishwa tena hujificha kwa asiyemjua: pembe za katoni zimelegea, na ukiinua ya chini unakuta bapa la barafu lenye wekundu. Chanzo mara nyingi ni foleni ya mpakani. Lori limelala siku tatu, mafuta ya friji yakaisha usiku, utingo akayapata asubuhi. Unakataa mzigo. Sasa mko na siku ngapi? Ndiyo maana mkaguzi dhaifu hushawishika kupokea, na wiki inayofuata foleni inahamia zahanati.

Dizeli ina hila zake. Jenereta ndiyo kambi: huzungusha pampu ya maji, friji za dawa, redio na taa za uzio. Wizi wa mafuta ni ugonjwa wa zamani wa kila misheni, na ofisa mpya hufundishwa kumshuku kila dereva. Nami nilifundishwa hivyo. Mwaka wangu wa pili kazini nilipokea tangi la lita 30,000 likiwa na upungufu wa lita 350. Lilikuwa limejazwa mchana wa jua kali, mafuta yakiwa na nyuzi 32. Mimi nikapima alfajiri, milimani, nyuzi 17. Nikaandika ripoti, dereva akasimamishwa. Mzee mmoja wa maabara ndiye aliyenikalisha chini na kalamu. Dizeli hutanuka kwa takriban asilimia 0.08 kwa kila nyuzi 1. Zidisha kwa nyuzi 15, zidisha kwa lita 30,000: lita 360. Mafuta hayakuibwa, yalinywea kwa baridi. Ndiyo maana vipimo vya mafuta hurekebishwa vyote kwa joto moja la rejea, aghalabu nyuzi 15, kabla ya kumwita mtu mwizi. Yule dereva alirudishwa kazini baada ya miezi miwili. Mpaka leo kila darasa jipya huanza kwa kisa chake.

Jambo jingine lisilojulikana sana ni kwamba Umoja wa Mataifa hauna jeshi wala vifaru vyake. Nchi huleta askari na vifaa, ikasaini hati ya makubaliano inayotaja kila gari, kila jiko, kila hema. Kwa askari mmoja Umoja wa Mataifa hurejesha kwa serikali kiwango maalumu kila mwezi: dola 1,428 kuanzia Julai 2018, kisha dola 1,448 kuanzia Julai 2022. Magari hulipiwa kivyake. Katika utaratibu wanaoupenda wengi, nchi inaleta gari na kulitunza yenyewe, vipuri vyote juu yake. Wakaguzi hupita mara kwa mara kuhesabu yanayowaka na yasiyowaka, na aina moja ya magari ikishuka chini ya asilimia 90 ya yaliyoahidiwa, malipo hupunguzwa. Kipuri cha dola 40 kilichosahauliwa nyumbani kinaweza kuinyima hazina ya taifa maelfu ya dola. Wanafunzi hucheka nikiwaambia hivyo, mpaka wanapokutana na gari la deraya lililoegeshwa miezi mitano kwa kukosa kichujio.

Vitu hivi vina uzito wa damu pia. Desemba 7, 2017, kambi ya Semuliki, mashariki ya Kongo, kwenye barabara ya Mbau hadi Kamango ilishambuliwa na Watanzania 15 wakapoteza maisha. Uchunguzi maalumu wa Umoja wa Mataifa, ambao matokeo yake yalitangazwa Machi 2018, uligusa mafunzo na uongozi, lakini ulitaja pia kwamba misheni haikuwa na mpango wa dharura unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu au kuwatoa walinda amani wake, na kwamba nyenzo muhimu, yaani ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi, zilikosekana. Mimi husoma sentensi hiyo kama mtu wa ugavi. Kabla ya kuiweka kambi mahali, uliza helikopta itatua wapi usiku, barabara itapitika mwezi gani, na nani atakayelitengeneza daraja.

Kwa wafanyabiashara wanaoniandikia: ndiyo, kampuni za kwetu zinaweza kuiuzia misheni, na kujisajili kwenye soko la mtandaoni la Umoja wa Mataifa hakulipiwi. Anayekuomba "ada ya usajili" au "hongera ya mkataba" kwa niaba ya Umoja wa Mataifa ni tapeli, hata barua yake ikiwa na nembo ya buluu.

Sehemu ngumu kuliko zote, na isiyofundishwa vya kutosha, ni kuondoka. Mali ilitupa somo chungu. Juni 30, 2023, Baraza la Usalama lilimaliza mamlaka ya MINUSMA, misheni ya kulinda amani ya huko, na kutoa miezi sita ya kufunga kilichojengwa kwa miaka kumi. Msafara wa Kidal, mji wa kaskazini, uliondoka Oktoba 31 kwenda Gao, umbali wa kilomita kama 350 za jangwa, ukakanyaga mabomu njiani zaidi ya mara moja, na vifaa vingi vya kaskazini viliharibiwa makusudi kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuvitoa. Kongo, MONUSCO ilimaliza kuondoka Kivu Kusini mwishoni mwa Juni 2024 kwa mpangilio wa afadhali. Kisha mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma, uwanja wa ndege ukafungwa, na mji uliokuwa kitovu cha ugavi wa Kivu Kaskazini ukageuka kuwa mahali panapohitaji kufikiwa kwa kuomba ruhusa. Mzigo uliokuwa safari fupi ya ndege kutoka Entebbe ukawa suala la mazungumzo ya wiki kadhaa. Hesabu zote za siku zikaanza upya.

Kambi ikifungwa, vifaa vizima huhamishiwa misheni nyingine, vingine huuzwa kwa mnada, vingine wanaachiwa wenyeji. Udongo uliolowa mafuta chini ya jenereta huchimbwa na kubebwa, na nimeshuhudia wanakijiji wakitushangaa tukipakia uchafu kwenye lori kwa uangalifu kuliko mchele. Kambi moja ndogo niliyoshiriki kuifunga tulikiachia kijiji kisima kirefu, pampu na jenereta yake. Tulitia saini, tukapiga picha. Kisha mzee wa kijiji, aliyekuwa kimya muda wote, akanishika mkono akaniongoza mpaka kwenye tangi la jenereta na kuligonga kwa fimbo.

"Bwana mkubwa," akasema kwa Kiswahili chao cha huko, "hii itatufikisha wapi?"

Nilizamisha kijiti cha kupimia. Lita 140, na pampu ile ilikuwa inakunywa kama 15 kwa siku. Nikamwambia siku 9.