Bafu linavuja kabla marumaru haijapigwa: dhana potofu na ukweli

"Nimeshapiga marumaru hadi juu, maji hayapiti."

Hii ndiyo dhana inayoharibu mabafu mengi kuanzia Uyole, Mbeya, hadi Mafinga, Iringa. Marumaru yenyewe hunywa maji kidogo sana, ni kweli. Lakini kati ya marumaru na marumaru kuna grauti, na grauti ya saruji hupitisha maji. Kila mtu akioga, maji kidogo hupenya hadi kwenye lipu, kisha hadi kwenye tofali. Huku Nyanda za Juu hasara yake ni kubwa, maana nyumba nyingi ni za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo ili kuokoa saruji. Udongo ukilowa kila siku hulainika. Lipu inaachia, marumaru inalia mvungu ukiigonga, na chumba cha pili rangi inavimba na kubabuka. Mwenye nyumba anamwita fundi rangi, wakati rangi haina kosa lolote.

Maji huzuiwa nyuma ya marumaru. Lipu ya saruji ikishakauka, sakafu nzima na kuta zinazorushiwa maji zipakwe dawa ya kuzuia maji, mikono miwili (yaani mara mbili), kupanda hadi kama mita 2. Kwenye kona, na pale bomba linapotokeza ukutani, fundi azamishe utepe wa wavu kati ya mkono wa kwanza na wa pili, kwa sababu nyufa huanzia hapo. Kisha tundu la maji machafu lizibwe, sakafu ijazwe maji sentimita chache na kuachwa saa 24. Maji yakishuka, au ukuta wa upande wa pili ukitota, kuna mahali hapajashika. Fundi atasema unamchelewesha. Mvumilie, lakini asibandike hata marumaru moja kabla ya jaribio hilo. Afadhali ununue marumaru ya bei ya chini na pesa iliyobaki uipeleke kwenye dawa.

"Ukuta wa jipsamu au plaiwudi unatosha, mradi kuna marumaru."

Hautoshi. Jipsamu ikilowa hupoteza nguvu, na hata ile ya kijani huvumilia unyevu wa hewani tu, si maji ya kuoga. Plaiwudi, hata ikiwa nzuri ya Mafinga, hutanuka ikilowa na kusinyaa ikikauka, na marumaru haiwezi kuifuata. Kama lazima ugawe chumba kwa ukuta mwepesi, upande wa kuogea weka bodi ya saruji, nayo ipakwe dawa ileile.

"Valvu ya ukutani tutairekebisha mwishoni."

Mwishoni hairekebishiki bila kuvunja. Valvu ya kuchanganya maji ya moto na baridi hufukiwa kwa kina kinachopimwa kuanzia uso wa marumaru, si uso wa tofali. Lipu ikiwa milimita 15, gundi 5 na marumaru 8, tayari ukuta umesogea mbele milimita 28. Ikizama mno, mkono wake haufiki. Ikitokeza mno, kifuniko hakikai. Kifuniko cha plastiki cha kuikinga valvu, kinachokuja nayo, huwa na alama za kina. Kisitolewe hadi marumaru iishe.

Maji ya moto yapite kwenye bomba la PPR (plastiki inayounganishwa kwa joto) linalofaa moto. PVC ya kawaida hulainika. Na mabomba yote yajazwe maji kwa presha, geji ikiangaliwa, kabla ya lipu kuyafunika.

Kingine kinachosahaulika: moto na baridi vitoke kwenye tenki moja. Baridi likitoka moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji na moto likitoka tenkini, lenye presha kubwa linalisukuma lenzake, na unaoga baridi huku hita inafanya kazi. Kuinua tenki kidogo hakuleti presha kubwa pia. Kila mita 1 ya kimo huongeza takriban bar 0.1 tu.

"Hita ya bomba la mvua unachomeka popote."

Hapa ndipo naomba usibahatishe. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai tunaijua. Hita ya wati 5,500 huvuta kama ampia 24, wakati soketi ya kawaida ni ya ampia 13. Inahitaji waya wake kutoka kwenye mein swichi, wa milimita 4 za mraba au zaidi kulingana na umbali, breka yake, waya wa ethi uliopimwa, na kinga ya kuvuja kwa umeme ya miliampia 30. Hata hivyo, maji yakiingia na nyuzi 15 na wewe unataka 40, itakupa kama lita 3 tu kwa dakika. Ukiona maji ni membamba, hita si mbovu. Usimruhusu mtu aifungue.