Si kila hukumu ya Marekani humfunga kila jaji

Wengi wanaamini kwamba mahakama yoyote ya Marekani ikishatoa hukumu, majaji wote nchini humo hulazimika kuifuata, tena daima. Imani hii ina chembe ya ukweli: kwa desturi iliyorithiwa kutoka Uingereza, jaji wa Marekani hutazama kwanza kesi zilizotangulia, ili mashauri yanayofanana yaamuliwe kwa namna inayofanana.

Ila nguvu ya hukumu hutegemea imetoka wapi. Uamuzi wa jaji mmoja wa mahakama ya wilaya ya shirikisho, yaani ngazi ya chini ya mahakama za serikali ya taifa, haumfungi hata jaji mwenzake wa jengo hilohilo. Mahakama za rufaa za shirikisho ziko 13, na ile ya San Francisco haiwezi kuilazimisha ile ya New York. Ndiyo maana sheria moja ya taifa huweza kutafsiriwa kwa namna mbili mpaka mahakama ya juu kabisa iamue.

Nayo hiyo ya juu hujirekebisha. Mwaka 1896 ilikubali abiria weusi na weupe watenganishwe kwenye treni, mradi huduma ziwe sawa. Mwaka 1954 ikaikataa hoja hiyo kwa shule za umma. Miaka 58 ni mingi mno kwa watoto waliokuwa wakisubiri.

Ukisikia “mahakama ya Marekani imeamua”, fungua hukumu yenyewe. Nyingi za rufaa husomwa bure mtandaoni. Ukurasa wa kwanza hutaja mahakama na tarehe. Angalia pia kama maneno unayosoma ni ya majaji walio wengi au ya jaji aliyepinga, kwa sababu maneno ya aliyepinga hunukuliwa sana ilhali hayamfungi mtu.