"Daktari, ukishafungua kifua, si ubadilishe mshipa wote?"

Swali hili nalisikia kliniki mara kwa mara, na aghalabu haulizi mgonjwa bali ndugu aliyemsindikiza. Aota ni mshipa mkuu unaotoa damu moyoni: hupanda, hupinda kama tao, kisha hushuka hadi tumboni. Mgonjwa ana aota inayopanda iliyotanuka hadi upana wa sentimita 5.6, tao lake lina 3.8, na familia imeshakubaliana nyumbani kwamba kifua kikifunguliwa kazi imalizwe yote. Hoja yao ni kwamba fundi aliyekwisha kuvunja ukuta kwa ajili ya bomba moja linalovuja hubadilisha mabomba yote. Lakini hakuna ubongo unaosubiri maji ya bomba.

Nikibadilisha aota inayopanda peke yake, na mwisho wake ni mzima, naibana kwa klampu chini ya tao, na mashine ya moyo na mapafu inaendelea kupeleka damu kichwani, kwenye figo na kwenye uti wa mgongo. Nikitaka kubadilisha tao zima, klampu haina pa kukaa, maana hapo ndipo inapotoka mishipa mitatu ya kichwa na mikono. Inabidi tuupoze mwili, mara nyingi hadi nyuzijoto kati ya 20 na 28, kisha tusimamishe mzunguko wa damu. Ubongo tunaulisha kwa mirija midogo kupitia mishipa hiyohiyo. Figo, ini na utumbo hungoja mpaka tumalize kushona. Kila mshipa tunaoushika unaweza kuachia kipande cha chokaa kikapanda kichwani, na hicho ndicho kiharusi. Neva ya sauti inapita chini ya tao. Ikivutwa, mgonjwa anaamka amekauka sauti. Damu iliyopozwa haigandi vizuri, kwa hiyo kuvuja huongezeka. Tukisogea mbele zaidi na kuingiza mrija wenye stenti (wavu wa chuma unaoushikilia mshipa kwa ndani) kwenye aota inayoshuka, tunaziba baadhi ya matawi yanayolisha uti wa mgongo, na wapo wagonjwa wanaoamka miguu haisogei.

Hatari zote hizo mgonjwa anazibeba siku ileile. Faida, yaani kuepuka upasuaji wa pili, huja baada ya miaka, tena kwa wale tu ambao sehemu iliyobaki ingetanuka. Tao la sentimita 3.8 kwa mtu wa miaka 70 asiye na ugonjwa wa kurithi wa mishipa huenda lisimsumbue maisha yake yote. Sikubali kumtia kwenye hatari ya kiharusi leo kwa sababu ya tao hilo, hata familia ikinung'unika.

Hesabu hugeuka kwa kijana mwenye ugonjwa wa kurithi wa mishipa, kama Marfan au Loeys-Dietz, ambaye tao limeshaanza kutanuka. Ana miaka mingi mbele yake, ukuta wa mishipa yake ni dhaifu tangu kuzaliwa, na kurudi kwenye kifua chenye makovu ni kazi ngumu. Hivyohivyo tao lililofika sentimita 5.5, au ukuta uliochanika ndani ya tao lenyewe. Hapo kukata kidogo ni kuacha ugonjwa ndani, na huwa naisukuma familia ikubali upasuaji mkubwa.

Malalamiko makali zaidi huja baada ya mchaniko wa ghafla wa aota inayopanda, yaani ukuta wa ndani unapochanika na damu ikapenya kati ya tabaka zake. Mgonjwa amepona, kisha ndugu wanaona kwenye picha ya CT kwamba mchaniko bado unashuka hadi tumboni, wanauliza kwa nini tuliuacha. Bila upasuaji, saa za mwanzo za ugonjwa huu huua haraka mno. Usiku ule kazi ni kuondoa sehemu inayoweza kupasukia kwenye mfuko wa moyo, na mara nyingi inatosha kubadilisha aota inayopanda pamoja na upande wa chini wa tao. Kinachobaki tunakifuatilia kwa picha, na kikihitaji kutibiwa tunakitibu mgonjwa akiwa na nguvu. Huo si uoga wa daktari.

Wagonjwa nao wana maneno yao. "Niwekewe stenti kupitia pajani, nisipasuliwe." Kwa aota inayoshuka, mara nyingi ndiyo chaguo la kwanza. Kwa inayopanda, kwa wengi haifai: vali na mishipa ya moyo iko karibu mno.

"Sina maumivu, basi siko hatarini." Aota hutanuka kimyakimya. Wengi hugundulika wakipimwa kwa jambo jingine.

"Nimeshapasuliwa, dawa za presha za nini?" Aota uliyobaki nayo ni ileile iliyougua. Presha ikae chini ya 130/80, picha za ufuatiliaji zisikosekane, na ukiandikiwa antibiotiki ya siprofloksasini au dawa za kundi lake, mwambie daktari kwamba una aota iliyotanuka, akutafutie nyingine kama ipo. Ndugu zako wa damu na watoto wapimwe pia.

Na tafadhali, njoo na picha zako za zamani, hata za miaka mitano nyuma. Karatasi ya majibu peke yake hainitoshi, kwa sababu nataka kupima mwenyewe mahali palepale, CT kwa CT, si CT kwa eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti). Aota iliyoongezeka sentimita 0.5 ndani ya mwaka mmoja inanitia wasiwasi kuliko iliyosimama palepale miaka minne, hata kama hii ya pili ndiyo pana zaidi.