Wahitimu wa Meli ya Vijana wa Dunia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Serikali ya Japani ina programu inayowakusanya vijana wa miaka 18 hadi 30 kutoka nchi mbalimbali, ikawapandisha meli moja waishi, wajadiliane na wajifunze pamoja baharini kwa wiki kadhaa. Jina lake ni Ship for World Youth, yaani Meli ya Vijana wa Dunia, na ilianza mwaka 1988. Vijana wa Kenya na Tanzania wamewahi kuipanda, wa Oman pia. Wakishashuka huingia kwenye mtandao wa wahitimu, au alumnai kama wengi wanavyowaita, ambao una watu karibu kila bara. Habari za mtandao huu hazijulikani sana kwetu, na pasipo habari uvumi hupata nafasi. Hapa nimekusanya yale yanayosemwa mara nyingi.

Dhana: "Hayo ni matembezi ya bure kwenye meli ya kifahari."

Meli yenyewe ni ya abiria, hilo ni kweli. Nippon Maru, ambayo ilitumika miaka mingi, ilikuwa na urefu wa mita 166 hivi na kwa kawaida ilibeba watalii. Vijana wakiingia, ratiba hubadilika. Asubuhi kuna mkutano wa wote, kisha makundi ya majadiliano, semina, kamati za kujitolea, na mazoezi ya usiku ambao kila nchi inaonyesha utamaduni wake. Kabini moja hulala watu watatu wa mataifa tofauti. Hebu fikiria: mmoja anaamka alfajiri kusali, mwingine ndiyo kwanza anarudi kutoka kwenye kikao cha kamati, wa tatu analala chali na mfuko wa kutapikia mkononi kwa sababu bahari imechafuka tangu jana. Hakuna wa kuwaamulia nani azime taa. Inabidi waelewane kwa Kiingereza ambacho pengine si lugha ya kwanza ya yeyote kati yao.

Kwa maoni yangu, kabini hiyo ndiyo darasa kubwa kuliko semina zote. Wahitimu wengi wakikutana miaka mingi baadaye, mada za majadiliano wamekwisha kuzisahau, lakini waliolala nao chumba kimoja wanawataja kwa majina.

Dhana: "Ni urafiki wa kupiga picha tu, hauna uzito wowote."

Anayesema hivi hajui meli hizi zilikotoka. Japani ilianza kuwatuma vijana wake ng'ambo mwaka 1959, kwa kumbukumbu ya harusi ya Akihito, aliyekuwa mrithi wa kiti cha enzi. Mwaka 1967 ikaanza safari ya meli ya vijana, katika maadhimisho ya miaka 100 ya enzi ya Meiji, kipindi ambacho Japani ilianza kujijenga kuwa taifa la kisasa. Mpaka hapo mtu anaweza kusema ni sherehe tu.

Kisha ukaja Januari 1974. Waziri mkuu Kakuei Tanaka alizuru nchi tano za Kusini-Mashariki mwa Asia: Ufilipino, Thailand, Singapore, Malaysia na Indonesia. Bangkok wanafunzi walimpokea kwa maandamano. Jakarta mambo yaliharibika kabisa: tarehe 15 Januari mji uliwaka, magari ya Kijapani yakachomwa moto, watu wakauawa. Hasira ilikuwa juu ya mitaji na bidhaa za Japani zilizofurika sokoni, na chini yake kulikuwa na kumbukumbu ya uvamizi wa miaka ya Vita Kuu ya Pili, ambao haukuwa umetimiza hata miaka 30 tangu uishe. Katika ziara hiyohiyo ndipo yalipotolewa matamko ya pamoja yaliyoanzisha meli ya vijana wa Japani na Kusini-Mashariki mwa Asia, inayojulikana kwa kifupi cha Kiingereza kama SSEAYP, na mwaka huohuo ikaanza safari.

Kwa hiyo vijana wa safari za mwanzo walikuwa watoto wa watu waliowaona askari wa Japani kwa macho yao. Walilala kabini moja na vijana wa Kijapani, wakatia nanga bandari hadi bandari, na kila waliposhuka wakapokewa kwenye nyumba za watu na kulala humo. Huo si mradi mwepesi. Meli haikufuta historia, wala haingeweza. Ilichoweza kufanya ni kumfanya mtu wa upande wa pili awe na jina na sura.

Mtandao wa wahitimu wa meli hiyo ndio kaka mkubwa wa ule wa Meli ya Vijana wa Dunia, na unafaa kuchunguzwa kwa makini. Kila nchi ina chama chake. Malaysia kuna KABESA, Brunei kuna BERSATU, na vyote vimeungana chini ya mwavuli wa SSEAYP International wenye mkutano mkuu wa kila mwaka ambao nchi hupokezana kuuandaa. Wahitimu huenda gatini kuipokea meli ikifika kwao, husaidia kutafuta familia za kuwapokea wageni, na huwanoa wanaojiandaa kuondoka.

Dhana: "Mtandao ni tawi la serikali ya Japani, basi fedha zipo."

Meli inaendeshwa na Ofisi ya Baraza la Mawaziri ya Japani. Vyama vya wahitimu ni vya kujitolea. Viongozi wake ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara na watumishi wa umma wanaofanya kazi hiyo baada ya saa za kazi, na mara nyingi nauli hutoka mifukoni mwao. Hata Japani kwenyewe, wahitimu wa programu hizi wana jumuiya yao, IYEO, yenye mtandao mikoani, nayo hutegemea watu wanaojitolea. Ukimwona mhitimu anachangisha vitabu vya shule au anaratibu usafi wa ufukwe, usidhani kuna mfadhili aliyejificha nyuma yake.

Dhana: "Ukimjua mhitimu, au ukilipa kidogo, nafasi unapata."

Hapa naomba msomaji awe makini, maana vijana wetu wana kiu ya kutoka na matapeli wanaijua kiu hiyo. Nchi zinazoalikwa hubadilika mwaka hadi mwaka, hivyo hakuna nchi ya Kiafrika yenye fungu la kudumu. Nchi ikialikwa, uteuzi hupita kwenye njia rasmi za serikali yake. Mhitimu anaweza kukueleza usaili ukoje na ujiandae vipi, lakini hana nafasi ya kukuuzia. Anayedai "ada ya kushika kiti" ni mwizi. Ukiwa na shaka, uliza wizara inayohusika na vijana au ubalozi wa Japani nchini mwako.

Na safari hii si mlango wa ajira wala ukaazi wa Japani. Programu ikimalizika, kijana anarudi kwao.

Dhana ndogondogo

Huhitaji kuwa baharia. Meli ina mabaharia wake. Huhitaji kujua Kijapani. Lugha ya programu ni Kiingereza. Wengine huichanganya na Peace Boat, ambayo ilianzishwa na wanafunzi wa Kijapani mwaka 1983, haiko chini ya serikali, na abiria wake hulipa nauli na wanaweza kuwa wa umri wowote. Ni jambo jema pia, ila ni jingine.

Dhana: "Bila meli kufika, mtandao umekufa."

Janga la Uviko-19 lililijibu hili. Mwaka 2021 programu ilifanyika kwa intaneti, vijana kila mmoja akiwa kwao, na meli ilirudi baharini baadaye. Vyama vya wahitimu havikufungwa.

Kwetu Afrika Mashariki swali hili lina uzito zaidi, kwa sababu mialiko hupishana na miaka mingi inaweza kupita bila kijana wetu hata mmoja kupanda. Miaka hiyo ya ukame ndiyo ya kufanya kazi. Waliokwisha kwenda wanaweza kuwafundisha wadogo zao kuendesha majadiliano na kuandika maombi, na kumtafutia mgeni kutoka Peru au Sri Lanka familia ya kumpokea Mombasa au Dar es Salaam. Mwaliko mwingine ukija, wizara iwe na watu wa kuwauliza, na kijana atakayechaguliwa asiende kuanza moja.